Kutoka Mafunjoni Hadi Bukoba kwa Ajili ya Bwana Shamba

Saa sita mchana, jua limesimama utosini, mgeni mwenye kamera ndefu kama bomba la maji aliniambia nimnyamazishe mwanangu kwa sababu anamtisha ndege. Aliniambia kwa upole, siwezi kumsingizia. "Dada, samahani, huyo mtoto hawezi kunyamaza kidogo? Tumetoka mbali sana." Mimi nilikuwa shambani kwangu, Byera mgongoni, jembe mkononi. Buti lake la kushoto lilikuwa juu ya maharage yangu.

Nilitazama nyuma yake, kule kwenye mafunjo. Droni yao ilikuwa juu ya kiota, inavuma. Ndege mwenyewe alikuwa amesimama mbali, shingo ameivuta ndani, mdomo umejaa maji. Alisubiri. Droni haikuondoka. Akapiga hatua moja kuelekea kwenye kiota, droni ikashuka chini zaidi ili ipate picha nzuri, naye akarudi nyuma. Kisha akafungua mdomo, maji yote yakamwagika palepale aliposimama, mbali na mayai, akaruka akaenda zake. Mayai yakabaki juani.

Uvumilivu uliniishia hapo. Si kwenye maharage, wala si kwa maneno juu ya mtoto. Ni pale yale maji yalipomwagika.

Nilitupa jembe nikamwendea kiongozi wao, kijana anayeitwa Mutalemwa, nikamwambia, "Kusanya watu wako mtoke kwetu."

"Mama Byera," alisema kwa sauti ya chini, "usinivunjie heshima mbele ya wageni. Hawa wameshalipia."

"Wamemlipa nani? Huyo ndege?"

Wageni walitutazama. Mzee mmoja mwenye nywele nyeupe alishusha darubini yake akaonekana kuona haya. Yule wa kamera ndefu aliendelea kupiga picha, na nina hakika mojawapo ni yangu, mdomo wazi. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo ili niseme neno ambalo hapa siliandiki, ndipo mama mkwe wangu alipoita kutoka mlangoni.

"Mama Byera. Wageni wametafuna kahawa."

Nikafunga mdomo.

Kwa msomaji asiye wa Kagera, nieleze. Kwetu mgeni akiingia hupewa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa. Tunaziita akamwani. Huletwa kwenye kikapu kidogo, mgeni huchukua chache, hutia mdomoni. Akishatafuna, yeye ni mtu wa nyumba hiyo. Huwezi kumtukana wala kumfukuza, na yeye hawezi kuitendea nyumba hiyo ubaya. Hakuna anayekufundisha sheria hiyo. Unakua nayo kama unavyokua na meno.

Mutalemwa alipokuja mara ya kwanza alikuja peke yake, amevaa shati safi, akajitambulisha kwa ukoo wake na kwao Kanazi. Mama mkwe alimpa kahawa. Akatafuna, akauliza habari za mafunjo, na ndege gani wanaonekana huku. Mama mkwe, kwa kuwa kijana ni Mhaya mwenzake na kahawa iko mdomoni, akamwambia yote. Wiki iliyofuata ndipo magari yalipoanza kuja.

Jina la kijiji chetu sitalitaja. Andika Muleba, andika mafunjo yanayoingia majini, inatosha. Ukitaka zaidi ya hapo, basi wewe ndiye ninayemwandikia.

Na ndege ni huyu. Ana rangi ya kijivu kama saruji, anafika kifuani kwa mtu mzima, na mdomo wake ni kama kiatu cha mbao cha mtu mwenye mguu mkubwa. Vitabuni anaitwa korongo-nyangumi. Nyumbani kwetu anaitwa Bwana Shamba, kwa sababu husimama kutwa nzima anatazama na hafanyi kazi yoyote inayoonekana. Mama mkwe ndiye aliyempa jina hilo, akimkumbuka bwana shamba mmoja wa zamani. Mume wangu ndiye aliyegundua kiota. Alikwenda kukata mafunjo, akarudi mikono mitupu, akasema, "Kuna mayai mawili. Upande ule tusiguse, na usimwambie mtu." Baadaye akarudi visiwani kuvua, nikabaki mimi na mama yake na mtoto.

Kwenye mwisho wa kibanja chetu, pale migomba inapoishia, kuna kichuguu kirefu. Ukikaa juu yake unaona kiota. Wakati wa kumnyonyesha Byera nilikuwa nakaa hapo. Jua likiwa kali, Bwana Shamba, dume au jike sijui, maana wanapokezana, huenda kuchota maji kwa ule mdomo wake, hurudi nayo, huyamwaga juu ya mayai taratibu. Kisha huyageuza. Kisha huenda tena. Mimi nilikuwa nambebea mwanangu maji ya kuoga kutoka bondeni, na yeye anawabebea wake. Siku nilipoliona hilo nilicheka peke yangu. Sikujua ningekuja kulia kwa ajili yake.

Asiporudi na maji, mayai yanaiva. Hakuna la kueleza zaidi. Ni jua na yai.

Jioni ile wageni waliondoka na vumbi lao. Mutalemwa alinipita bila kunitazama, akamwambia mama mkwe, "Alhamisi nina kundi lingine, Ma. Kubwa zaidi. Wanataka kulala palepale karibu." Nilimwambia mama mkwe kwamba kesho nakwenda Bukoba kushtaki. Aliendelea kuchambua maharage.

"Nenda," alisema mwishowe. "Lakini anzia Kanazi, kwao. Mtoto wa mtu hapelekwi serikalini mama yake akiwa hana habari."

Alfajiri nilimfunga Byera mgongoni kwa kanga mbili, nikachukua mfuko wa nguo zake na chupa ya uji. Kutoka kwetu hadi barabara ya lami ni mwendo wa pikipiki, na dereva alipita njia ya rweya, yale majani matupu ya vilimani, ukungu bado umelala chini. Kati ya vichuguu niliona alama za matairi ya magari yao. Walikuwa wameshatengeneza barabara, hawa watu. Majani yaliyokuwa yakikatwa kwa kutandikwa ndani ya nyumba yamelala ubavu. Dereva aliziona pia. "Wageni wa Mutalemwa," alisema, kama mtu anayetaja mvua.

Muleba mjini nilipata lifti kwenye pikapu iliyobeba dagaa. Mwenye mzigo alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu, anayefanya biashara kati ya visiwa, Muleba na Bukoba. Alijitambulisha kuwa ni Mama Nyabwire. Alinipa nafasi mbele, akampokea Byera mapajani kabla sijaomba.

"Unakwenda hospitali?" aliuliza.

"Nakwenda kushtaki."

"Mume?"

"Watu wanaomsumbua ndege."

Alinitazama vizuri. Akamtazama dereva. Kisha akacheka hadi Byera naye akaanza kucheka bila kujua sababu.

"Wahaya mtatuua," alisema. "Nshomile kabisa. Sasa hata ndege mnamtafutia wakili."

Nshomile ni utani wanaotutania nao watu wa nje. Maana yake ni nimesoma. Sikukasirika, maana nilikuwa na hasira nyingine ya kutosha. Nilimweleza kwetu ni wapi na ndege ni yupi. Alipomaliza kusikia habari za mdomo, kicheko kilikatika.

"Yule wa kijivu? Anayesimama kama maiti?"

"Huyo."

"Aah. Visiwani kwetu wavuvi wakimwona asubuhi wanageuza mtumbwi. Siku hiyo hakuna samaki. Ni mkosi mtupu yule."

"Kwa hiyo hamumsumbui?"

"Nani akamsumbue mkosi, mwanangu? Unampita mbali, hata jina lake hulitaji."

Niliwaza jambo hilo hadi Kemondo. Watu wanaomwogopa wamemwacha akae salama. Wanaompenda, wanaovuka bahari kwa ajili yake, wenye fulana zenye picha yake kifuani, hao ndio wanaomfanya amwage maji yake. Nilitamani kijiji kizima kimwogope. Nilitamani hata mimi nimwogope, nisingekwenda kukaa kwenye kile kichuguu nikafurahi.

Mama Nyabwire alinishusha Kanazi. Alimrudisha Byera mgongoni kwangu, akasema, "Usipige kelele kwanza. Mtu mwenye mtoto mgongoni akipiga kelele wanasema amechoka tu." Nimekumbuka neno lile mara nyingi leo.

Kanazi, saa nne asubuhi. Nilielekezwa nyumba kwa kuuliza mara moja tu, kwa sababu Mutalemwa anajulikana: kijana wa wazungu. Njia ilipita katikati ya mibuni iliyofagiliwa chini, migomba imenyooka, kila jani kavu limekatwa. Nilitembea huku nafanya mazoezi ya maneno. Nilikuwa nayo mengi na makali. Niliyapanga: nitaanza na kahawa ya mama mkwe wangu, nitakwenda kwenye maharage, nitamalizia na mayai, na katikati nitaweka lile neno nililolimeza jana.

Mama yake alinikuta uani. Ni mama mtu mzima, mwembamba, macho makali. Nitamwita Ma Koku. Hakuuliza shida yangu. Alimwona mtoto, akaona vumbi miguuni mwangu, akanisalimu, "Wabonaki, mwanangu, ingia kivulini." Akanitandikia mkeka. Akaleta maji Byera anywe. Nilipiga goti nikamwamkia kama nilivyolelewa. Na alipoleta kile kikapu kidogo akakinyoosha mbele yangu, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilichukua buni tatu nikatia mdomoni.

Nilikuwa nimeshatafuna moja ndipo nilipojua nilichofanya.

Nilikaa pale na uchungu wa kahawa ulimini, natamani kuitema, na haitemwi. Jioni nzima na njia nzima nilikuwa nimebeba matusi kama mtu aliyebeba mayai kichwani, nikayavunja yote kwenye kizingiti cha watu kwa sababu ya mazoea. Ma Koku alinitazama. Nadhani aliona uso ulivyobadilika.

"Sasa sema," alisema. "Umetoka wapi na umeleta nini?"

Nikasema. Nilisema kwa heshima, kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Nilisema habari za kiota, maji, droni, na kundi la Alhamisi. Sikumtukana mtu. Ilikuwa ngumu kuliko kulima.

Mutalemwa alitokea ndani katikati ya maneno yangu, simu mkononi. Aliponiona alisimama.

"Umenifuata mpaka nyumbani?"

"Mama mkwe ameniagiza nianzie kwa mama yako."

"Mama Byera, wewe huelewi. Bila wageni, yule ndege atakatiwa mafunjo yake yote watu walime mpunga. Wageni wakija, ndege anakuwa na thamani. Mimi ndiye ninayemlinda."

"Unamlinda kwa droni?"

"Droni ni mara moja moja."

"Jana alikuwa na maji mdomoni, Mutalemwa. Uliona?"

Aliona. Nilijua kwamba aliona, kwa sababu anajua ndege kuliko mimi na mume wangu na kijiji kizima, ana vitabu, anajua majina yao kwa lugha tatu. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Angekuwa mjinga ningemfundisha.

"Wageni wale walikuwa wamebakiza saa chache," alisema baadaye. "Walitaka aonekane anaruka."

Ma Koku aliinua mkono, sote tukanyamaza. Alimgeukia mwanawe akamuuliza kwa Kihaya, neno moja moja, kama anamwuliza mtoto mdogo. "Kule kwao, ulipokea kahawa?"

Mutalemwa alitazama simu yake.

"Nakuuliza. Ulitafuna?"

"Nilitafuna, Ma."

Byera aliokota buni iliyoanguka mkekani, nikamnyang'anya. Ma Koku alikivuta kikapu chake karibu, akakifunika kwa kitambaa, akakiweka nyuma yake ambako mkono wa mwanawe haufiki. Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake haikuwa laini.

"Wewe umekuja kumshtaki mwanangu. Nimesikia. Lakini umetafuna kwangu leo, mbele ya macho yangu. Jina la mwanangu halitatoka mdomoni mwako huko uendako. Tumeelewana?"

Huyu mama alikuwa ananifunga kwa kamba yangu mwenyewe. Na Alhamisi inakuja. "Lakini Ma, yeye ndiye aliyevunja kwanza."

"Lake ni lake. Nimekuuliza lako."

"Tumeelewana," nilisema. Nilisimama, nikamfunga mtoto. Sikuaga vizuri. Nilikuwa nimeshafika kwenye mibuni aliponiita.

"Umesoma?"

"Kidato cha nne, Ma."

"Basi sikiliza, nshomile." Alikuwa amesimama uani, kikapu ameshika mkononi. "Kahawa inafunga mdomo. Habari za mkono sijawahi kusikia."

Akaingia ndani. Nilisimama pale kama Bwana Shamba mwenyewe, mpaka nikaelewa.

Kutoka Kanazi hadi Bukoba si mbali, na nilipanda gari la kwanza lililosimama. Ziwa lilionekana upande wa kulia, jeupe kwa jua, na mimi nilitazama jua tu. Ilikuwa inakaribia saa sita tena. Nilijiuliza kama leo amerudi na maji. Jana yake wageni walikuwa wameondoka, kwa hiyo leo angekuwa na amani. Leo na kesho. Tulipita Nshambya, watu wananyunyizia bustani zao, na kila mtu aliyebeba ndoo nilimwona kama ananikumbusha.

Mjini niliingia kwanza kwenye duka la karatasi na madaftari, la familia ya Kihindi ambayo imebaki hapo tangu enzi za babu zao. Mzee mwenye duka aliniuliza kwa Kihaya safi kuliko changu, "Karatasi ya mapenzi au ya kesi?"

"Ya kesi."

Akaniongezea karatasi za akiba. "Ya kesi huharibika ukiandika na hasira," alisema. Alisema kweli, ya kwanza niliichana.

Ofisi inayohusika na wanyamapori sitaitaja ilipo, maana sina ugomvi nayo. Kwenye benchi la nje nilimnyonyesha Byera mpaka akalala, nikamlaza kwenye kanga, nikaandika juu ya mfuko wa nguo. Nilipomaliza niliingia. Afisa aliyenipokea alikuwa mama wa makamo, miwani juu ya paji la uso, mezani ana chupa ya chai na vikombe.

"Karibu. Utakunywa chai?"

"Hapana, asante. Nisikilizwe kwanza."

Aliinua macho. Nadhani si watu wengi wanaoikataa chai yake. Lakini kwa siku moja nilikuwa nimekwisha kupokea vya kutosha.

Alisoma polepole. Alipofika kwenye habari ya maji aliishusha miwani yake akasoma tena. "Amekuwa akiyamwaga mbali na kiota?"

"Nimeona mwenyewe."

"Anayeongoza misafara hiyo ni nani?"

Nilifunga mdomo, nikaweka kidole kwenye mstari wa karatasi. Alisoma. Akaniuliza, "Huyu ndiye anayefanya kazi na kampuni fulani hapa mjini?" Nikatikisa kichwa kukubali. "Mbona husemi?"

"Nimetafuna kahawa kwa mama yake asubuhi."

Yule mama alikuwa Mhaya. Hakuuliza la zaidi, ila mdomo wake ulicheza kidogo. Kisha akageuza karatasi, akarudi mwanzo, na uso ukawa wa kazi.

"Hujaandika mahali."

"Nimeandika Muleba."

"Muleba ni wilaya nzima, dada. Kijiji gani, upande gani wa maji, kiota kiko wapi? Bila mahali hii ni hadithi tu. Siwezi kutuma mtu kwenye hadithi."

Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza safari nzima. Kalamu ilikuwa mkononi. Nilijua jina la kijiji, la kitongoji, hata la kijito. Nikiliandika, kesi inakuwa kesi. Na nikiliandika, limeandikwa.

"Niulize jambo," nilisema. "Karatasi hii ikitoka hapa itapita mikononi mwa watu wangapi?"

Alianza kuhesabu kwa vidole. Masijala. Mkubwa wake. Dereva. Wilayani. Kijijini. Alipofika kwenye mkono wa pili aliacha.

"Mama mkwe wangu alimwambia mtu mmoja," nilisema. "Mmoja tu, tena mgeni wa heshima."

Aligongagonga meza. Nje mtu alikuwa anafagia. Byera aliamka akaanza kulia, nikamchukua, na nikiri kwamba sikumnyamazisha haraka. Alilia ofisi nzima ikasikia, na hakuna aliyeniambia anamtisha mtu.

"Andika utakavyoonyesha," afisa alisema. "Si mahali. Andika namna tutakavyofika. Kama inaeleweka, nitaipokea."

Nikaandika, nimesimama, mtoto begani. Alisoma mistari ile ya mwisho, akacheka kwa pua, akapiga muhuri. Kisha, mbele yangu, aliinua simu akaipigia ile kampuni. Aliongea kwa ufupi. Kundi la Alhamisi lisiende Muleba mpaka ukaguzi ufanyike. Niliisikia sauti upande wa pili ikibishana, nikasikia neno wameshalipia. Afisa alijibu, "Basi wapelekeni wakaone ziwa."

Kurudi kwangu hakuna cha kusimulia, kwa sababu sijarudi. Nayaandika haya stendi, nasubiri gari la Muleba, Byera anakula ndizi. Sijui kama mayai yako hai. Droni ilikuja siku nyingi kabla sijakasirika vya kutosha, na hilo nitalijua nikipanda kile kichuguu. Nilichojifunza ni kidogo na kinaniuma. Nililelewa kuamini kwamba kahawa inatosha. Kwa Mutalemwa haikutosha, na kwangu ilitosha kupita kiasi. Anayejua zaidi si lazima ndiye atakayelinda. Na ukikasirika kwa ajili ya kiumbe asiyesema, watu watakuuliza kwanza yeye ni nani yako.

Nakala yangu yenye muhuri ninayo hapa. Nilichoandika ni hiki:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NDEGE ANAYEATAMIA KUZUIWA KUFIKA KWENYE MAYAI YAKE

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkulima, mkazi wa Muleba. Kwenye mafunjo yaliyo jirani na kibanja chetu kuna korongo-nyangumi mwenye mayai. Nyakati za jua kali ndege huyu hubeba maji kwa mdomo na kuyamwagia mayai yasiive. Nimeshuhudia hayo kwa macho yangu tangu mume wangu alipokiona kiota.

Tangu wageni waanze kuletwa, wanakaribia kiota kwa mtumbwi na kurusha droni juu yake saa za jua kali. Jana saa sita mchana ndege alikuja na maji, akazuiwa na droni, akayamwaga mbali na mayai, akaondoka. Sijui alirudi lini. Wageni hao pia wanakanyaga mazao na kunipiga picha ninaponyonyesha bila kuniuliza, lakini hayo naweza kuyamaliza mwenyewe. La ndege siliwezi, ndiyo maana nimekuja.

Anayewaongoza ni Mutalemwa wa Kanazi. Jina hili nimeliandika, sikulitamka. Anawajua ndege vizuri kuliko mtu yeyote niliyekutana naye, kwa hiyo asisamehewe kwa kutojua. Naomba asifukuzwe kazi. Naomba akatazwe, kisha apewe kazi ya kuwazuia wengine, maana atajua watakapopita.

Naomba wageni wasije kabisa mpaka watoto wa ndege watoke kwenye kiota. Baada ya hapo waje wachache, wakae mbali, bila droni.

Mahali: sitapaandika. Mkaguzi aje mmoja. Ashukie Muleba mjini, aulize kwa Mama Nyabwire wa dagaa, naye atamwelekeza kwangu na hatamwelekeza kwa ndege, kwa sababu anamwogopa. Akifika kwetu atakaribishwa kama mgeni na atatafuna kahawa. Kisha atamkabidhi mama mkwe wangu simu yake, nami nitampeleka hadi kwenye kichuguu. Kahawa tutampa kwa sababu ndiyo adabu yetu. Simu tutaichukua kwa sababu ya yaliyotupata.